Madema Yaliyoingia Sauna

Veijo alishuka garini saa tatu asubuhi na madema yake kumi. Hilkka, mjane wa kaka yake, alikuwa akimngoja mlangoni pa sauna, moto umeshakolea.

"Yalete huku."

"Shemeji, nimeyaanika siku mbili nzima!"

"Na mvua imenyesha siku mbili nzima."

Msimu wa kamba wa ziwani hufunguliwa saa sita kamili mchana, tarehe ishirini na moja Julai, na hakuna Mfini apendaye jirani amtangulie kuzamisha dema. Lakini madema ya Veijo yalitoka mtoni kwao, wanakoishi kamba wa kigeni. Hao hubeba ugonjwa ambao wao wameuzoea, lakini kamba wenyeji unawafyeka. Wavu wenye unyevu tu unatosha kuuleta, na joto kali la sauna ndilo dawa yake. Miaka kumi na minane nyuma Hilkka aliwaona kamba wa ziwa hili wakitembea mchana kweupe, wanayumba kama walevi. Baada ya wiki mbili hakubaki hata mmoja. Mumewe, Taisto, alisubiri ziwa litakate, akaleta wengine ndooni, wamefunikwa majani mabichi, akangoja tena wazaliane. Leo ndiyo mara ya kwanza kuvua. Taisto alizikwa Aprili.

Madema yakapangwa juu ya mabenchi, pamoja na mabuti na ndoo.

"Na kofia."

"Kofia haijavua kitu!"

"Si ndiyo uliyochotea maji mtumbwini? Ulinisimulia mwenyewe."

Kofia ikaingia. Wakaketi nje na kahawa, Veijo akitazama saa kila mara. Kwenye saa tano harufu ikawafikia. Paka alikuwa keshafika mlangoni. Ndani ya dema moja Veijo alikuwa amesahau samaki wa chambo, naye alikuwa ameiva, ngozi rangi ya dhahabu.

"Umetuletea na kitoweo!" Hilkka alicheka hadi akashika nguzo. Tangu mazishi alikuwa hajacheka hivyo.

"Taisto angemla huyu," Veijo alisema.

"Na haradali juu."

Saa sita ikagonga. Ng'ambo, majirani wakashangilia na kusukuma mitumbwi. Veijo aliguna, ila hakuinuka mpaka Hilkka alipofungua mlango mwenyewe.

Jioni, jua likiwa bado juu ya misunobari, waliinua dema la kwanza. Tupu. La pili, tupu. La tatu lilikuwa zito, likachakarika.

Walikuwa saba, weusi, magando juu. Mmoja, jike, alikuwa na watoto chini ya mkia, wadogo kama punje za mtama. Hilkka alimshusha majini kwa mikono miwili.

"Nenda. Kawasalimie wenzio."

Nyuma yake Veijo akapiga yowe, kidole kimebanwa.

"Shemeji! Huyu hana ugonjwa! Mzima kabisa!"

"Usimvute," Hilkka alisema, machozi na kicheko vikimtoka pamoja. "Mwache abane."