Neno la Kiti cha Kulia

Verla Unruh alisema, "Zunguka," na wanaume wawili waliokuwa mezani wakamtazama kana kwamba kikombe cha kahawa ndicho kilichosema.

Kip Hostetter, muuza ndege, akacheka. "Mama, hapa tuko ofisini. Ndege iko bandani, hata haijawashwa."

Orlin, mumewe Verla, hakucheka. Kalamu ilikuwa mkononi, mkataba mbele yake. Neno hilo ni yeye mwenyewe aliyemfundisha Verla, miaka thelathini nyuma, katika ndege za kukodi juu ya ngano ya Kansas. Kutua kukiwa kubaya, rubani hang'ang'anii. Anaipa injini nguvu zote, anapanda, anazunguka, anakuja upya. Na aliyeketi kiti cha kulia, kando ya rubani, hata kama hajui kurusha, akiona baya ana haki ya kusema zunguka. Hakuna ubishi. Maswali huulizwa juu, ardhi ikiwa mbali.

Sasa Orlin alikuwa na miaka sitini na tisa, na ameuza shamba la mashariki, lile la baba yake, ili apate ndege yake mwenyewe kabla magoti hayajamgomea. Hii ilikuwa ya viti vinne, imepakwa rangi mpya ya krimu na mstari mwekundu. Rangi, jamani. Mtu anajua umri wa ng'ombe kwa kumtazama meno tu, lakini akionyeshwa rangi mpya anageuka bwana harusi.

"Kama kuna kitu hukipendi, kitaje," Kip alisema. "Nina jibu la kila swali."

"Najua unalo. Ndiyo maana sikuulizi."

Asubuhi Verla aliomba jambo moja tu: fundi wao wenyewe aifungue injini, atazame ndani. Kip akasema hiyo ni kazi ya wiki nzima, na saa nane anakuja mnunuzi mwingine kutoka Tulsa. Tena ya nini, wakati daftari la ndege limekamilika, kila ukaguzi wa mwaka umetiwa sahihi na fundi Delbert Koehn? Nani asiyemjua Delbert? Kweli, walimjua wote. Walimzika miaka miwili iliyopita.

"Mzee Orlin," Kip akasema kwa upole wa kuchokoza, "kwani nyumbani kwako rubani nani?"

Masikio ya Orlin yakawa mekundu. Akainamia karatasi.

"Orlin, nimesema zunguka," Verla akasema. "Nikiwa angani nina akili, nikikaa kwenye kiti cha ofisi zinaniisha?"

"Usiniaibishe mbele za watu, Verla."

"Aibu tutaivumilia. Mimi nimeivumilia hiyo kofia yako tangu tuoane."

Orlin aliutazama mkataba. Alikuwa anaitaka ile ndege mpaka inamuuma. Mwishowe akaifunika kalamu, akainuka.

"Tunazunguka," akamwambia Kip.

"Yule wa Tulsa hatawangojeni."

"Basi atue yeye."

Ndani ya pikapu hasira zilikuwa zimemfika Orlin shingoni. Kiwanja cha ndege kilipobaki nyuma, akasimamisha gari kando ya shamba lililovunwa. "Haya. Tuko juu. Umeona nini?"

"Ukaguzi wa mwaka elfu mbili kumi na saba. Tarehe kumi na nne Mei, sahihi ya Delbert."

"Huo ukaguzi una nini?"

"Ilikuwa Siku ya Akina Mama. Jumapili. Delbert alisimama nyuma yangu kwenye kwaya, kisha akashinda kwetu mpaka jioni. Mlango wa banda la kuku uling'oka mbele ya macho yake, akautazama tu. Jumapili yule mtu hakushika hata bisibisi. Kuna mtu ameandika jina la marehemu akasahau kutazama kalenda."

Orlin akavua kofia. Shamba la baba yake lote lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ile kalamu, na alilijua hilo.

"Na kama ingekuwa Jumatatu?" akauliza.

"Ningesema vilevile. Anayekataa injini isifunguliwe ameshakwambia kilichomo." Verla akafunga mkanda wake. "Sasa geuza gari, turudi."

"Turudi kufanya nini?"

"Saa nane yule wa Tulsa anatua, na kiti chake cha kulia huenda hakina mtu."