Mshenga wa Nguva

Mtafiti wa vinasaba alikuwa akipuliza chai yake wakati mashine ilipomaliza kusoma mfupa wa nguva, mfupa uliokaa kabatini tangu mkuu wa maabara hajazaliwa. Mlango ukafunguka. Akaingia mwenye mfupa, mnene, ameloa chapachapa.

"Nimepiga hodi mpaka pezi linauma," alisema.

"Tuwie radhi, bibi. Karibu."

Mfagizi akamletea beseni kubwa, kisha akapiga deki alipopita.

Bibi akauliza habari za wajukuu. Mtafiti akamweleza: wamebaki tisa bahari nzima. Wote wameshasomwa kutokana na vipande vidogo vya ngozi, ila walio hai hawakuwahi kuja maabara. Walikuwa na shughuli zao. Wakubwa serikalini wanahofia nguva hao wameoana mno ndugu kwa ndugu, kizazi kimechoka, ya nini kuwahangaikia.

"Waliochoka ni hao wakubwa. Hebu nione."

Wakaketi kwenye kompyuta, wakalinganisha damu yake na za wajukuu. Bibi alizijua koo zote na umbea wake. "Huyu na huyu, hapana. Baba mmoja, ingawa mama yake alikana. Lakini huyu mfupi na yule binti wa kusini, posa leo leo!"

Mashine ikaafiki kila neno. Damu ilikuwa nzima. Wakiachwa tu, watajaa tele. Mtafiti alicheka hadi miwani ikamtoka. Mfagizi akapiga vigelegele, mkuu wa maabara akacheza na fagio.

"Sasa kama ni wazima, wanaishaje?" bibi aliuliza.

"Nyavu," alijibu mtafiti.

"Za nani?"

Mkuu akaacha kucheza. Zilikuwa za tajiri wa meli, yuleyule aliyewanunulia mashine.

Tajiri akaalikwa. Alikuja na maua, akamshika bibi pezi, akamwita mama, akalia kwa furaha kusikia habari za posa.

"Na nyavu?" bibi aliuliza.

"Nyavu ni kazi, mama," alisema kwa upole, akaondoka kuwahi meli zake.

Wiki iliyofuata askari wa doria akaleta kipande cha ngozi ya nguva aliyetupwa ufukweni. Mashine ilipomaliza kukisoma, akaingia binti wa kusini, ameloa, shingoni ana alama za nyavu.

Bibi akamfuta maji usoni.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Mchumba wako hajambo. Bado yuko baharini."