Kengele ya Kitanda cha Saba

Enzi zile watu waliogopa kuzikwa hai kuliko walivyoogopa kufa kwenyewe. Ndiyo maana mji ule ulijenga nyumba ya kuwangojea wafu. Maiti alilazwa humo siku tatu, kidoleni kafungwa uzi uliopanda ukutani hadi kwenye kengele, chumbani kwa mlinzi. Akizinduka, kengele italia.

Mlinzi mwenyewe walimwita Masikio. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyezinduka. Kengele zililia, tena mara nyingi tu, maana mwili ukianza kuvimba vidole husogea. Masikio alikwenda, akaangalia, akairudia chai yake. Mkewe alizoea kumtania: "Wafu unawasikia. Mimi nikikuita uje ule, kimya!"

Jumatatu mke huyo alishikwa na homa. Alhamisi alikuwa kitanda cha saba. Masikio alimfunga uzi yeye mwenyewe, fundo likamshinda mara mbili.

Ijumaa, saa tisa mchana, kengele ya saba ikalia.

Alikimbia hadi kiatu kikamtoka mguuni. Akamshika mkewe mkono, akamwita, akamwekea sikio kifuani. Daktari msimamizi wa nyumba ile alimkuta bado ameinama.

"Unajua ni nini hiyo," daktari alisema kwa upole.

"Kwa wengine najua. Kwa huyu sijui."

Ililia mara nne zaidi. Kila mara alikwenda mbio.

Jumapili, wachimba kaburi walipofika, aliwazuia mlangoni, akawaambia harufu ile inatoka kitanda cha jirani. Hakuna aliyembishia. Dada wa marehemu akapita ubavuni pake, mkasi wa kushonea mkononi.

"Shemeji, inatosha."

"Imelia tena leo asubuhi."

"Niliisikia, nilikuwa hapo nje. Nami nilikimbia kama wewe."

Akaukata uzi. Masikio hakumzuia. Walimzika mvua ikinyesha, watu saba tu.

Alirudi kazini wiki mbili, kisha akaenda kwa daktari kuaga.

"Ni wale wafu wanakusumbua?" daktari aliuliza.

"Hapana. Ile kengele, daktari. Kila ilipolia nilifurahi. Mara tano mke wangu amekufa, na mara tano nimefurahi."

Masikio akaweka funguo mezani, akavaa koti lake, akatoka.