Saa za Rahisi

Kama hujawahi kukaa nyumba moja na shemeji aliyestaafu, mshukuru Mungu wako. Rifki, kaka wa mume wangu, alifundisha hesabu maisha yake yote, na alipostaafu akakosa wa kumfundisha, akatugeukia sisi. Na sisi watu wa mji wa Kayseri tayari tuna jina nchi nzima kwamba jiwe tukilikamua hutoa mafuta. Yeye akaona jina hilo bado dogo.

Nyumba yetu ni ghorofa mbili na mita moja ya umeme. Chini anakaa mama mkwe wangu, Bi Muberra, na binti yake Perihan. Juu nakaa mimi na mume wangu Orkun, pamoja na huyo Rifki, aliyefiwa na mkewe, anayekula kwangu na kwenda kulalamikia chumvi kwa mama yake. Ramadhani ilipoingia alikuja na habari: kampuni ya umeme ina bei ya nyakati tatu kwa anayetaka. Mchana bei ya kawaida. Kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa nne usiku, bei ya kukutoa roho. Kuanzia hapo mpaka alfajiri, karibu na bure. Hizo za mwisho akazibatiza saa za rahisi.

"Tujaribu mwezi mmoja tu," alisema. "Ikitufaa tubaki, isipotufaa turudi."

Tukajaribu, na ajabu, ikatufaa. Ramadhani nyumba nzima iko macho kwa ajili ya daku. Huyu anachemsha chai, yule anajaza mashine ya kufulia, mwingine anapiga pasi huku anatafuna zeituni. Bili ikaja imenywea. Rifki akaibusu, akaipaka kwenye paji la uso, akatangaza kuwa jaribio limekwisha na jibu limepatikana.

Katika hesabu zake zote mwalimu alisahau kitu kimoja: Ramadhani huisha. Idi ikapita, tukarudi kulala kama binadamu, lakini nguo ziliendelea kufuliwa usiku na mikate kuokwa kabla ya adhana. Aliyekuwa akiamka ni Perihan. Hakuna aliyemtuma. Binti aliyebaki kwao ndivyo alivyo, kazi inamjua kwa jina. Mchana anasimama duka la dawa, usiku anasimama mbele ya mashine. Nikimwambia, "Wifi, lala," hujibu, "Nimalizie hii tu." Rifki yeye alikoroma kwa bei ya chini.

Basi akatokea Haldun, muuza taa wa mtaa wa pili. Alikuwa akienda duka la dawa kununua plasta kila siku, mpaka ukadhani taa zake zinang'ata. Hatimaye akasema neno lake. Perihan alikuwa na miaka thelathini na minane, na wachumba wa zamani walishaanza kuozesha watoto wao. Aliniambia jikoni, ameshika sinia, "Wifi, huyu nikimkosa, basi tena. Sitaki mwingine." Nilimwamini, maana sijawahi kumsikia akisema anataka kitu.

Mama yake Haldun, Bi Nezahat, akapiga simu kuomba kuja kuposa. Kwa bahati yetu mbaya akapokea Rifki.

"Ijumaa saa mbili usiku, Mungu akipenda," alisema Bi Nezahat.

"Karibuni sana. Lakini mngesogeza mbele, baada ya saa nne, ingekuwa vizuri. Hapo ndipo kwetu mambo ni rahisi."

"Rahisi nini?"

"Kila kitu! Kabla ya hapo ghali, baada ya hapo rahisi."

"Bwana Rifki," Bi Nezahat akasema, "mwanangu hakututuma kutafuta cha rahisi." Akakata.

Perihan alijifungia bafuni, akafungua maji ili tusimsikie. Mama mkwe alipiga simu mwenyewe, akaomba radhi mpaka sauti ikamkauka, akaeleza habari za mita na tarifa, yaani ile bei ya nyakati tatu. Bi Nezahat alikubali kuja saa ileile aliyoitaja, lakini kwa sauti ya mtu anayekuja kuhakikisha anachokichukia.

Saa alikubali Rifki. Taa hakukubali. Ijumaa ile alipita vyumbani anazima nyuma yetu, akatuachia kitaa kimoja cha pembeni sebuleni.

"Shemeji, wageni wataonaje?" nikamuuliza.

"Wanakuja kutafuta mke, hawaji kutafuta sindano."

Wakaja, Haldun na maua, mama yake na boksi la chokoleti na mdomo uliobanwa. Wakajigonga kwenye meza, wakakaa. Bi Nezahat akatazama huku na huku gizani. "Mwanangu anauza taa," alisema polepole. "Tungejua, tungekuja na moja."

Jikoni mimi na Perihan tulipika kahawa kwa mwanga wa moto wa gesi. Kwetu mwali huitia chumvi kahawa ya anayemposa. Akiinywa bila kukunja uso, ndoa ataiweza. Perihan aliitia chumvi huku akisinzia kwa usingizi wa mwezi mzima. Vikombe vilifanana. Tukaingia sebuleni, akagawa.

Haldun alikuwa amejiandaa, macho ameyakaza kama anayesubiri sindano ya meno. Akanywa. Tamu. Nilimwona anabadilika uso hata kwenye giza lile, maskini, anajiuliza mwanamke gani hamjaribu mwanamume anayemtaka. Upande wa pili Bi Nezahat akapiga funda, akakitazama kikombe, akapiga la pili. Akamaliza kikombe chote, akakiweka mezani kwa adabu.

"Nimekula chumvi ya nyumba hii," alisema, "basi niseme kilichonileta. Kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kauli ya Mtume, tunamwomba binti yenu Perihan kwa mwanangu Haldun."

Baba mkwe alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo jibu lilikuwa la Rifki, mwana mkubwa. Perihan alisimama mlangoni na sinia kifuani. Rifki akakohoa, akajifuta kipara.

"Heshima kubwa. Lakini mtupe muda tufikiri. Nyumba hii inamhitaji."

"Inamhitaji kwa lipi?" akauliza Bi Nezahat.

Rifki alifungua mdomo. Mwalimu yule hajui kudanganya, ndiyo balaa yake. "Kwa... usiku," akasema.

Mama mkwe alisimama, akaenda ukutani, akawasha taa kubwa ya dari. Akawasha ya ukumbini, akawasha ya barazani, mita ikaanza kukimbia. Hapo ndipo wote tulipomwona Perihan: macho mekundu, mashavu yamebonyea, vidole vimechunika kwa sabuni.

"Mwanangu, unaumwa?" Bi Nezahat aliuliza, na mdomo wake ukalegea.

"Siumwi, mama. Nafua."

"Mama, zima basi," Rifki alinong'ona. "Bili ilikuwa imeshuka."

"Ilishuka, Rifki," alijibu mama mkwe. "Ilishukia mabegani mwa dada yako. Jibu wageni."

Akajibu ndiyo. Perihan akaangua kilio, mimi nikamfuata, na Haldun akapewa kahawa nyingine yenye chumvi ya kutosha kukausha samaki, akainywa anacheka.

Aliolewa baada ya majira ya mavuno. Wiki ile ile Rifki aliapa kutuonyesha kwamba tarifa haina kosa, akaamka kufua mwenyewe. Vitambaa vyote vyeupe vya kichwani vya mama mkwe vikatoka na rangi ya waridi. Mama mkwe akavaa kimoja, akaniamuru nimsindikize mwanawe ofisi ya umeme asije akarudi na tarifa nyingine.

Karani, binti mdogo mwenye miwani, alimuuliza sababu ya kurudi bei moja. "Hii ya nyakati tatu haikuwafaa?"

Rifki alishika kofia yake kwa mikono miwili. Nilingoja hotuba.

"Ilitufaa sana," akasema. "Imeolewa."