Saa Nne za Betri

Siku sanduku la betri lilipoingia nyumbani, Mzee Fyuzi alilipokea kama mtu anayemkagua mkwe mtarajiwa. Aliligeuza, akaligonga mbavuni, akasoma kibandiko cha nyuma mpaka herufi ya mwisho, mrija wa oksijeni ukiwa puani na mashine ikinguruma chini ya dirisha. Alikuwa fundi umeme kwa miaka arobaini, mpaka vumbi la kuta alizotoboa likamkaa kifuani na mapafu yakagoma. Sasa alipumua kwa msaada wa mashine ile ndogo, na umeme ulipokatika mashine nayo ilinyamaza.

"Si baya," alisema hatimaye. "Ila lisionewe."

Bintiye alicheka kidogo, maana nguvu ya kucheka zaidi hakuwa nayo. Kwenye duka la dobi alikofanya kazi walimwita Bi Pasi. Kutwa nzima alisimama nyuma ya meza akinyoosha mashuka ya watu wasiomjua, na jioni alirudi na miguu iliyovimba kumwogesha baba yake. Mwezi ule umeme ulikuwa ukikatika ovyo, na mara tano aliacha pasi akakimbia nyumbani kumsukuma mzee kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka kwa kinyozi mwenye jenereta. Shangazi, dada wa mzee, ndiye aliyeshinda naye, lakini kwa magoti yake mabovu asingeweza kukivusha kiti kwenye mtaro uliokuwa mbele ya nyumba. Baada ya mara ya tano, msimamizi wa duka alimwambia Bi Pasi bila hata kufoka: ukitoka tena katikati ya kazi, usijisumbue kurudi. Bi Pasi alimsimulia shangazi jikoni kwa sauti ya chini. Kuta za nyumba ile hazikuwa na siri, na mzee alisikia kila kitu.

Ndiyo maana sanduku lilinunuliwa. Mzee aliomba kipande cha boksi na kalamu ya wino mzito, akachora mstari katikati. Upande mmoja aliandika LINAWEZA: mashine, taa, simu, redio, feni ndogo. Upande wa pili, HALIWEZI: pasi, birika, jiko, hita.

"Birika limekosa nini?" aliuliza shangazi. "Mbona dogo kuliko hiyo mashine yako?"

"Usiangalie mwili, angalia ulaji. Chochote kinachotoa joto kina njaa mbaya. Pasi ya huyu binti ingelimaliza sanduku zima kwa robo saa. Na hata hiyo robo saa lisingekubali, lingejizima lenyewe."

"Kumbe lina akili," alisema shangazi, akimtazama Bi Pasi aliyekuwa anasinzia kwa kukaa. "Sisi wengine tukizidiwa tunaendelea tu."

"Na mashine litaiendesha muda gani?" aliuliza Bi Pasi, macho ameyafumba.

Mzee alitazama dari, akagawanya kichwani. "Saa nne." Akaiandika chini ya boksi kwa herufi kubwa: BETRI NI SAA NNE.

"Masaa manne," alisema Bi Pasi, kwa kujihakikishia tu.

"Saa nne! Hakuna masaa. Nimelipiga marufuku neno hilo humu ndani tangu uko darasa la kwanza."

Katika hilo mzee alikuwa hana huruma. Angeweza kukusamehe ukivunja sahani, lakini ukisema masaa, ulirudishwa nyuma uanze sentensi upya. Boksi likabandikwa ukutani, na mambo yakaonekana yametulia.

Umeme ulikatika wiki iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi kamili. Sanduku likabeba mashine bila kulalamika. Saa nne kasoro dakika mbili, kioo chake kidogo kikasoma asilimia moja, na papo hapo umeme ukarudi. Shangazi alipiga makofi. "Limesema saa nne, na kweli ni saa nne!" Kila mtu akafurahi, na hapo ndipo kosa lilipojificha. Ukianza kuhesabu saa kumi na mbili, muda wa saa nne unaishia saa nne. Shangazi alielewa kwamba sanduku lina saa yake ya kuzima, kama duka lenye saa ya kufunga. Hakuna aliyemsahihisha, kwa sababu alichosema kilikuwa sahihi kabisa.

Mara ya pili umeme ulikatika saa nane mchana.

Bi Pasi hakujua. Saa kumi na moja, alipopata nafasi ya kukaa juu ya kapu la nguo, alipiga simu nyumbani kama kawaida yake.

"Umeme haupo," alisema shangazi, "lakini wala usihangaike, mwanangu. Betri ni saa nne."

"Saa nne kamili?"

"Kamili. Fanya kazi yako."

Bi Pasi alielewa kwamba umeme umekatika muda huohuo na betri bado imejaa. Moyo ukatulia. Msimamizi alipouliza nani atabaki kumalizia mashuka ya nyumba ya wageni, Bi Pasi alinyoosha mkono, ingawa mgongo ulikuwa unamwambia vingine. Alitaka kwa siku moja tu aonekane mtu wa kutegemewa.

Alikuwa kwenye shuka la kumi na tatu mpokea nguo wa pale dukani, aliyeishi nyumba iliyo nyuma ya yao, alipokata simu huku akisonya. "Kwetu giza tangu saa nane. Nyama yangu kwenye friji basi tena."

Pasi ilisimama. "Tangu saa ngapi?"

"Saa nane."

Bi Pasi alihesabu kwa vidole, mtu mzima. Tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Saa ya ukutani ilisoma kumi na mbili kasoro dakika kumi. Alimpigia shangazi, simu ikaita mpaka ikakata. Alichomoa pasi, akamwambia msimamizi, "Baba yangu," na akatoka na aproni yake mwilini. Msimamizi alisema kitu nyuma yake. Hakugeuka kukisikiliza.

Alifika saa kumi na mbili na robo. Shangazi alikuwa uani anachambua mchele, simu ameiacha ndani. "Mbona umewahi? Si nilikwambia mpaka saa nne ya usiku?"

Bi Pasi alimpita. Chumbani kulikuwa kimya. Mashine haikunguruma. Mzee alikuwa ameegemea mto, midomo imepauka kama majivu, mkono mmoja uko juu ya swichi. Alipomwona bintiye, alibonyeza. Mashine ikaamka. Kioo cha sanduku kilisoma asilimia tisa.

Mzee alivuta pumzi kwanza. Kisha akasema, kwa vipande, "Nilikuwa nalipumzisha. Dakika kumi nawasha. Tano nazima."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipopiga simu."

Bi Pasi alikaa kitandani. "Ulisikia shangazi amekosea?"

"Nilisikia."

"Na hukusema."

"Ungekuja," alisema mzee. "Ingekuwa mara ya sita."

Alikasirika. Na ndani ya hasira hiyo alimpenda baba yake kuliko siku zote, na vyote viwili vilimchosha. Lakini asilimia tisa haikusubiri mtu apange hisia zake. Alimweka mzee kwenye kiti, mashine mapajani, sanduku chini ya miguu, akauvuka mtaro kwa kukinyanyua kiti nusu nusu, huku shangazi akifuata nyuma analia kwa sauti.

Kwa kinyozi jenereta lilikuwa linapiga kelele. Kinyozi aliwasogeza wateja bila kuulizwa, akachomeka mashine, kisha sanduku. Rangi ilianza kurudi midomoni mwa mzee taratibu.

"Mzee, ukishakaa hapa nikunyoe basi," alisema kinyozi.

"Ziache. Zilizobaki nazijua kwa idadi."

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. "Nilipita mara moja chumbani nikakuta mashine imezima," alisema. "Nikadhani amebonyeza kwa bahati mbaya, nikaiwasha. Mkono wake ulikuwa umeanguka pembeni, kaka yangu. Nikajua amelala."

Bi Pasi alimtazama baba yake. Mzee alitazama vioo.

"Sikuifikia swichi," alisema kwa sauti ndogo. "Mara hiyo moja."

Simu ya Bi Pasi ilitetemeka ndani ya aproni: ujumbe wa msimamizi, *kesho njoo tuongee*. Aliusoma, akairudisha simu mfukoni. Kesho ingekuja na miguu yake yenyewe. Akainama, akaigeuza mashine taratibu, mpaka upande wenye swichi ukaelekea kwake na mgongo wa mashine ukaelekea kwa mzee.

Mzee aliona. Miaka arobaini alikuwa ameweka swichi kwenye kuta za watu, akichagua urefu ambao kila mkono ungeufikia.

Umeme uliporudi na wao wakarudi nyumbani, aliomba boksi lake litolewe ukutani, na kalamu. Bi Pasi alimshikia boksi huku amesimama, kichwa kimeegemea ukuta. Mzee alikata mstari juu ya SAA, kisha juu ya NNE, akaandika pembeni polepole, kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu: MASAA MANNE.

Alilitazama neno hilo kwa muda mrefu.

"Baya," alisema. "Lakini linaeleweka."