Sindano ya Bi Nunu

Temeke yote ilijua kwamba kwa Bi Nunu binti Aidarus uchafu hauingii. Ilijua kwa sababu mwenyewe hakuchoka kuisimulia. Ua wake ulifagiwa mara mbili kwa siku, na ukija na miguu ya matope uliambiwa uzunguke uani ukaoge kwanza, hata kama umekuja kuleta habari ya msiba.

Kwa hiyo siku binti yake Hayat aliporudi na karatasi ya Mwalimu Demetria na kumsomea, Bi Nunu alidhani mtoto amekosea kusoma. Akamwambia aisome tena. Karatasi haikubadilika: Hayat ameonekana na chawa, na hii ni mara ya pili. Akionekana nao tena kwenye ukaguzi wa Jumatatu ya mwisho wa mwezi, atanyolewa kichwa palepale shuleni.

Hayat alikuwa na miaka kumi na nywele za kufika kiunoni. Mama mzazi wa Bi Nunu ndiye aliyezilea, kila Alhamisi jioni kwa mafuta ya nazi, hata wiki ile aliyofariki. Bi Nunu alipowaza wembe ukipita juu ya nywele zile aliona kama anamzika mama yake mara ya pili, akalia jikoni peke yake.

Alipomaliza kulia akatafuta wa kumlaumu, na hakwenda mbali. Nyumba ya pili alikaa karani Adelard, mtu wa Bukoba, na mkewe Kokushubila. Binti yao Felicitas alikaa dawati moja na Hayat. Asubuhi yake Bi Nunu alisema bombani, mbele ya ndoo zote, kwamba chawa wamekuja na watu wa bara. Somoe, ambaye habari haimpoi mdomoni, aliifikisha kila mlango kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyetaja kwamba Felicitas alikuwa amenyolewa kipara tangu mwaka uanze, na kwamba chawa akitua pale hana hata cha kushika asiteleze.

Bi Nunu akaingia vitani. Alichota mafuta ya taa dukani kwa mumewe, akampaka Hayat na kumkataza kusogelea jiko. Hashil alinung'unika kwamba wateja wanarudi na chupa tupu huku kichwa cha mtoto kinakunywa, akaambiwa akae chini naye akaguliwe. Zilipatikana nywele tisa, zote salama. Mkeka ukapigwa, godoro likapigwa, paka akafukuzwa kwa kushukiwa tu. Kisha Bi Nunu akakaa barazani kushona kofia, na kila baada ya mishono michache akapenyeza ile sindano chini ya mtandio na kujikuna utosini. Joto la Temeke, alisema, siku hizi limezidi.

Wiki haikuisha, chawa wakarudi kwa Hayat.

Sasa Bi Nunu alikwenda shuleni mwenyewe, akataka Felicitas ahamishwe dawati. Akahamishwa. Jumamosi alasiri, zikiwa zimebaki siku tisa, Kokushubila alibisha hodi. Bi Nunu alimkaribisha barazani akiwa na maneno makali aliyoyapanga tangu asubuhi, lakini mgeni alipiga goti kidogo kama wafanyavyo kwao, akasema shikamoo, na maneno yote yakakosa pa kutokea.

Kokushubila hakuja kugombana. Alisema mtoto wake analia kwa kumkosa mwenzake, na kwamba yeye alisoma bweni kwa masista, ambako vita vya chawa vilikuwa kama somo jingine. Mafuta ya taa ayaache, yanaunguza ngozi, na siku moja yatashika moto. Kinachotakiwa ni mafuta ya nazi na kitana chenye meno ya kubana, kila siku, kishungi kwa kishungi. Tena baada ya siku saba kazi ianzwe upya, kwa kuwa mayai yaliyosalia yanakuwa yameanguliwa. Kila mtu na kitana chake, kila mtu na mto wake.

Bi Nunu akajibu kwamba mto si tatizo. Hashil analala dukani kulinda magunia, na Hayat analala na mama yake, mto mmoja, tangu bibi yake afariki. Sindano ikapenya chini ya mtandio.

Kokushubila aliitazama ile sindano kwa muda.

"Na watu wote wa nyumba hii wamekaguliwa?" akauliza.

"Wote. Mie mwenyewe ndiye niliyewakagua."

"Na wewe, Bi Nunu, umekaguliwa na nani?"

Sindano ikasimama. Bi Nunu alihisi uso unamwaka. Akatazama mlangoni kama kuna mtu, akavua mtandio polepole, akajilaza na kuweka kichwa mapajani mwa yule mwanamke wa Bukoba. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa kimejenga mji mzima. Kokushubila alivunja wa kwanza, wa pili, wa tano, akaacha kuhesabu kwa heshima.

"Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa," Bi Nunu alisema akiwa amefumba macho. "Hawakusema tu kwamba cha pili nitakiazima kwa mtu niliyemtukana."

Ulikuwa msiba wa mitandio. Kila nguo ya kichwa na kila foronya ilichemshwa, Hayat akashonewa mto wake, na kila alasiri vichwa viwili vilipita mapajani mwa Kokushubila. Jumamosi ya pili wakaanza upya. Jumatatu Mwalimu Demetria alifunua nywele za Hayat kwa penseli, upande huu na upande ule, kisha akamwambia akae. Hayat akauliza kama anaweza kukaa kwenye dawati lake la zamani.

Kesho yake Bi Nunu alikwenda bombani na ndoo, kazi aliyokuwa akimtuma mtu. Alingoja Kokushubila afike na wanawake wajae.

"Wale chawa niliosema ni wa Mama Felicitas," akasema, "walikuwa wangu mie. Walitoka kichwani kwangu. Mama Felicitas, nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Maji yalijaa kwenye ndoo moja yakamwagika, mwenyewe asione, maana mikono mingi ilikuwa imeanza kupanda taratibu kwenda kichwani. Somoe, aliyeisambaza ile habari, alivuta kanga yake mbele kidogo, akamsogelea Kokushubila, akamuuliza kwa sauti ndogo kama alasiri atakuwepo nyumbani.