Mabenchi Arobaini na Kigoda Kimoja

Jumanne ya pili ya Agosti 2006, saa saba na dakika kumi mchana, Thuo alipanda ngazi za jengo moja karibu na Barabara ya Latema, katikati ya jiji, kuchukua vibati arobaini vya shaba. Thuo alikuwa karani katika ofisi ya bima, na vilevile katibu wa Kamati ya Ukarabati ya Parokia ya Mtakatifu Blasio, Kabiria. Kazi ya pili aliifanya kwa saa ya chakula ya kazi ya kwanza. Mchonga mihuri alimkabidhi vibati vikiwa vimefungwa kwa gazeti, naye akavikagua kimoja kimoja. Kila kibati kilitaja marehemu anayekumbukwa, kisha familia iliyotoa benchi. Makosa yalikuwa mawili tu, na yote yalikuwa kwenye majina ya watu wasio na jamaa wakali, kwa hiyo akalipa na kushuka.

Vibati vilikuwa wazo letu sisi wa kamati. Inafaa tukiri mapema, maana baadaye kila mmoja wetu alidai lilikuwa wazo la mwenzake. Ndani, kanisa letu lilifanana na ghala la mahindi: sakafu ya simenti iliyopasuka, dari iliyoshuka tumbo, mabenchi yaliyorarua soksi za akina mama. Tulitaka vigae, dari ya mbao na mabenchi mapya. Tulifanya harambee, tukampata mgeni wa heshima aliyekula vizuri na kuahidi vizuri. Tuligawa bahasha kwa jumuiya ndogo ndogo, zikarudi nyepesi kama zilivyotoka. Ndipo mwenyekiti wetu, Jamleck Kihara, mwenye nyumba za kupangisha kuanzia Kabiria hadi Riruta, aliposema kwamba watu wetu hawatoi mpaka jirani ajue wametoa. Wekeni jina la marehemu kwenye benchi, alisema, muone. Mabenchi arobaini yaliisha kwa majuma matatu. Yangekuwa mia tungeuza mia.

Dari ilipigwa na Were, fundi seremala kutoka Kimilili, aliyekaa chumba kimoja Kabiria na mkewe Namalwa. Namalwa, Mama Ivyne kwa majirani, alifua nguo za watu Muthangari. Were alifanya kazi nzuri ya polepole, na Jamleck alimsifu kwa ule uzuri na kumgombeza kwa ule upolepole. Siku mbili kabla ya kumaliza, ubao wa jukwaa alilopandia uliteleza, akaanguka juu ya vigae vipya na kukata roho kabla gari la Jamleck halijageuzwa uani. Tulimlilia kikweli. Tulikodi basi, tukamsindikiza hadi kwao, tukaimba njia nzima.

Tuliporudi, kamati ikakaa. Were alikuwa hajalipwa majuma matatu, na mwenye duka la vigae alikuwa akitupigia simu kila asubuhi. Mmoja wetu, na kumbukumbu za mkutano hazisemi ni nani, alisema Were alilipenda sana kanisa hili, na pengine angependa malipo yake yawe mchango wake. Tulinyoosha mikono. Ilipendeza kuona mikono imeenea namna ile, kwa maana kamati yetu haikuwa na desturi ya kuelewana. Padre Oyoo akafunga kwa sala. Namalwa hatukumuuliza, kwani alikuwa na msiba na hatukutaka kumsumbua. Jumapili iliyofuata mchango huo ulitangazwa altareni, na watu wakapiga makofi.

Marehemu walikuja Jumapili ya kutabaruku, misa ya saa tatu, nao waliwahi kuliko sisi. Wale wa makaburi ya Lang'ata walifika kwa pamoja, akina mama wakiwa na mikoba yao. Mzee Kihara, baba yake Jamleck, ambaye maishani aliingia kanisani mara mbili na mara ya pili alibebwa, alitembea kwa miguu kutoka shambani kwake Dagoretti akiwa na blanketi begani na kopo la ugoro. Kila mmoja alitafuta kibati chake, akakisoma au akasomewa, akaketi. Walijaza mabenchi yote, kwa sababu kila familia ilikuwa imelipia mmoja na wakaja sita.

Sisi tulio hai tulisimama. Jamleck alisimama misa nzima kando ya benchi alilolinunua, kofia mkononi, huku baba yake akipiga chafya. Padre Oyoo alifupisha mahubiri. Lalamiko lilitoka kwanza kwa kwaya, kwamba marehemu walivuta nyimbo hadi wimbo wa sadaka ukamalizika sadaka ikiwa imeshapelekwa. Mweka hazina naye aliongeza kwamba kapu lilipopita kwenye mabenchi, wote waligeuza nyuso wakatazama madirisha.

Kamati ilikutana Jumatano na kulishughulikia jambo hilo. Tulianzisha harambee nyingine, ya viti vya plastiki kwa ajili ya waumini walio hai. Vilipatikana viti mia mbili. Nyuma ya kila kiti tuliandika MT. BLASIO kwa rangi nyekundu, kwa sababu huku Kabiria kiti kisichoandikwa huenda harusini na hakirudi.

Were alikuja Jumapili ya pili, akiwa amechelewa kwa sababu ya umbali wa Kimilili. Alivaa ovaroli yake yenye vumbi la mbao, na mguu wa kushoto aliuburuta. Alizunguka kanisa zima akitafuta kibati chake. Alipokikosa alitoka nje, akasimama kwenye dirisha la tatu, mahali ambapo mtu huiona altare vizuri kidogo. Namalwa alimwona kutoka alikoketi. Aliacha kiti chake cha plastiki, akatoka, akasimama naye.

Misa ilipokwisha alimkabili Jamleck mlangoni, Thuo akiwa kando na faili lake.

"Chairman, Baba Ivyne mguu inamuuma," Namalwa alisema. "Hii ya kushoto, ile alivunja akianguka. Na anasimama masaa mbili. Si mumpatie pahali ya kukaa?"

"Pole, Mama Ivyne," Jamleck alisema. "Aingie tu. Kanisa ni ya watu wote."

"Aliingia. Benchi zimemkataa."

Ilikuwa kweli, na Jamleck alijua, kwa sababu benchi la kwanza kukataa lilikuwa lake. Were alipokuwa akizunguka akitafuta kibati, Mzee Kihara alisogeza blanketi, akampungia mkono aje akae. Were akainama, na benchi lisimpokee. Alipita katikati ya ubao mpaka chini, akajikuta amechuchumaa kwenye vigae baina ya viatu vya watu, akasubiri kidogo, akainuka. Viti vya plastiki vilimfanyia vivyo hivyo. Vilikuwa vya Mtakatifu Blasio, kama vilivyoandikwa.

"Basi mumwekee jina," Namalwa alisema. "Hata kama ni kibati moja kwa benchi ya nyuma. Si mlisoma hapo mbele eti pesa yake ni mchango?"

Jamleck alimtazama Thuo. Thuo alifungua faili, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

"Hiyo ilienda kwa mchango wa jumla, Mama," alisema. "Haikuingia kwa kadi ya benchi. Kadi ya benchi lazima mwenyewe aijaze, halafu jumuiya isaini."

"Mwenyewe amekufa. Ataijaza aje?"

"Hiyo sasa ndiyo shida," Thuo alisema, na alimwonea huruma kwelikweli. Alitoa kalamu akaandika kwenye faili: shida.

Namalwa hakubishana. Jumapili iliyofuata alipanda kilima cha Kabiria akiwa na kigoda kichwani, kigoda cha miguu mitatu ambacho Were alikichonga kwa mabaki ya mbao mwaka waliooana. Nyumbani alikikalia akifua. Alikiweka kwenye nyasi chini ya dirisha la tatu. Hakikuwa na jina la mtu wala la mtakatifu. Were alifika, akakitazama, akainama taratibu kama mtu asiyeamini, na kigoda kikampokea. Alinyoosha mguu wa kushoto mbele yake, akashusha pumzi. Namalwa alisimama nyuma yake, mkono begani mwake, wakasikiliza Injili kupitia dirishani. Namalwa alikuwa na furaha. Sisi nasi tulijisikia vizuri, tena bila gharama yoyote.

Ilikwenda hivyo Jumapili saba. Mvua za Novemba zilipoanza, kilima kikawa tope, na Namalwa akamwomba bawabu amhifadhie kigoda kwenye chumba cha vifaa asiteleze nacho. Bawabu akakiweka baina ya mafagio. Mwisho wa mwezi tuliorodhesha mali ya parokia, kama tufanyavyo kila mwaka, na mstari wa mwisho wa orodha ukawa: kigoda kimoja, hakina jina.

Mstari ule ulitunyima raha. Ni vigumu kumweleza mtu ambaye hajawahi kuwa kwenye kamati. Tulikuwa tumeshaandika majina kwenye mabenchi, viti, sufuria za jikoni, ngazi na hata ndoo ya maji ya baraka. Zaidi ya hapo dhamiri ilikuwa ikitusuta, na dhamiri ya kamati ikianza kusuta hutafuta kitu cha kununua.

"Huyu fundi wetu tumemsahau," Jamleck alisema, na macho yake yalilengwa na machozi, jambo ambalo hatukumdhania. "Hiyo stuli ni takataka tu, imewekwa kwa mafagio. Hebu tuipatie heshima."

Tulijadili saa mbili na nusu. Jina la Were halikuwezekana, kwa sababu kadi yake haikuwa imejazwa, na tukilegeza kwa mmoja familia arobaini zilizolipa zingekuja juu. Jina la Namalwa halikuwezekana, kwa sababu halikuwa limepitia jumuiya. Mweka hazina akapendekeza njia ya katikati, na wote tukainyooshea mikono. Gharama tulitoa mifukoni mwetu, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu kamati iundwe.

Thuo alitumia tena saa yake ya chakula, akapanda ngazi zilezile. Jumapili ya kwanza ya Desemba tulimwita Namalwa mbele ya altare. Tulimvika leso mpya, kwaya ikaimba, na Jamleck akakifunua kigoda. Kilikuwa kimepigwa vanishi. Kwenye ukingo wa kikalio kilimeta kibati: Kwa heshima ya mafundi wote. Zawadi ya Kamati ya Ukarabati. Namalwa alikisoma mara mbili. Makofi yalikuwa mengi, kwa hiyo hatukusikia alichosema. Bawabu alikichukua kigoda akakirudisha chini ya dirisha la tatu.

Were aliinama kukaa, na kigoda hakikumpokea. Alishuka mpaka kwenye nyasi zenye maji. Namalwa alimwinua kwa kumshika kwapani. Walisubiri waone marehemu gani angekuja kukichukua kigoda, lakini hakuja mtu. Kamati yetu ilikuwa changa na sote tulikuwa wazima wa afya. Kigoda kilikaa kitupu misa nzima, kiking'aa, na Were akasimama kando yake kwa mguu mmoja.

"Toeni hiyo kitu," Namalwa alimwambia Thuo baadaye. Leso mpya alikuwa ameikunja mkononi.

"Nitaipeleka kwa kamati, Mama Ivyne."

"Thuo. Hiyo kigoda ni yangu. Nilikuja nayo kwa kichwa."

"Najua ni yako. Lakini sasa iko kwa orodha. Kamati inakaa Januari, hii ya Desemba tumevunja juu ya Krisimasi."

Namalwa alilia, bila sauti, akiwa amesimama wima. Tuliona haya. Haya yetu ilikuwa ya kweli na ilidumu mpaka chai ilipoletwa.

Jumapili ya mwisho kabla ya Krisimasi watu walikuwa wengi, na kapu la sadaka lilitolewa hadi nje kwa waliosimama. Mhudumu alikuwa mgeni parokiani na hakujua kubagua. Lilipofika dirisha la tatu, Namalwa alitia sarafu yake, kisha mhudumu akamnyooshea Were. Marehemu wa ndani walikuwa wameshatazama madirisha yote. Were alipapasa mifuko ya ovaroli, wa kulia, wa kushoto, kisha ule mdogo wa kifuani. Alitoa msumari wa inchi moja, mpya, ulionyooka. Aliutia kapuni, akafanya ishara ya msalaba.

Tuliuona wakati wa kuhesabu, chini ya noti. Mweka hazina aliuliza uingizwe wapi. Thuo alisema huenda ingekuwa vyema kuurudisha, lakini Padre Oyoo akasema sadaka hairudishwi, na alisema kwa upole. Kwa hiyo Thuo alitoka nao nje. Mvua ilikuwa imelegeza pembe moja ya kibati cha kigoda, na tangu asubuhi jambo hilo lilikuwa likimkera. Aliuweka msumari pale, akaupiga kwa jiwe mara mbili. Uliingia sawasawa, na kibati hakikutikisika tena.